Kakangu ameniapisha nifiche, na aliyemposa mwanangu ni mwanawe

SWALI

Asalaam aleikum Bi Mshauri.

Nakuandikia kwa sababu kila ambaye ningemwendea ni wa ukoo huu huu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Mombasa. Kifungua mimba wangu, msichana wa miaka 22, ameposwa na mtoto wa mjomba wake, yaani mwana wa kakangu mkubwa anayeishi Maskati. Posa tumeikubali, mahari yametajwa, na nikaha tumeiweka Mfungo Mosi. Kijana ana miaka 26, ana kazi yake na ana adabu, na mwanangu anampenda. Hakuna aliyemlazimisha. Mamangu, ambaye sasa hatoki tena ndani, ndiye aliyefurahi kutupita sote. Kila anayekuja kumjulia hali humwambia mjukuu wake haendi kwa watu.

Kakangu naye alioa nyumbani. Wifi yangu ni binti wa ami yetu, nduguye marehemu babangu. Wana watoto wanne: mkubwa ndiye huyu bwana harusi, na wa mwisho ana miaka minne. Msimu wa baridi uliopita yule mdogo alishikwa na homa. Walidhani ni mafua kama ya watoto wote wa shule, wakampa dawa ya kushusha joto. Mara midomo ikabadilika rangi, na kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Hospitali wakamtia kwenye mashine ya kupumulia, akakaa nayo zaidi ya wiki. Walipopima wakasema ni influenza. Si korona, si kifua kikuu, ni homa ya mafua. Wifi alikuwa akinipigia simu halafu hasemi, namsikia analia tu mpaka simu ikatike. Alhamdulillahi, mtoto alipona na amerudi shule.

Daktari mmoja hakuridhika. Alitaka kujua vipi mtoto asiye na pumu, asiye na maradhi ya moyo, apigwe na homa ya mafua kiasi kile. Akachukua damu ya mtoto na ya wazazi wake. Baada ya miezi majibu yakaja: mtoto ana hitilafu kwenye jeni (yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) iitwayo IRF7, nakala zote mbili, ile ya baba na ile ya mama, hitilafu ileile, na kila mzazi amebeba nakala moja. Daktari akataka watoto wale wengine watatu nao waletwe wapimwe. Kakangu hakuwapeleka. Usiku ule alinitumia picha ya ripoti, kisha akanipigia: “Dadangu, hili liishie kwako. Niapie humwambii mtu. Watu wakijua, nani atawaoa wanangu?” Nikaapa. Wakati huo posa ilikuwa haijaletwa, wala sikuwa na habari kwamba watoto wanazungumza.

Sasa ile picha iko kwenye simu yangu, na mwanangu kila siku huiomba simu hiyo kumwonyesha fundi mishono ya nguo. Nimeihamisha, nimeificha, na bado akiishika simu moyo wangu hushtuka. Kuifuta siwezi, naogopa nitaihitaji.

Nilijaribu kumpima mume wangu kwa mbali, kama nasimulia habari za watu wengine. (Yeye ni mtu wa Lamu, hana udugu nasi.) Nikamuuliza, je, mtu anaweza kuvunja posa kwa sababu kwao kuna maradhi ya mafua ya kurithi? Akacheka sana. “Mafua? Nani asiyeugua mafua?” Nikanyamaza.

Ninayotaka unisaidie ni haya. Nimwambie mwanangu, nivunje kiapo na pengine nivunje na harusi? Au ninyamaze, nimwachie Mungu, maana kijana mwenyewe ni mzima na hajawahi kulazwa, kwa hiyo hitilafu hiyo hana? Nimefikiria pia kuagiza kile kipimo cha mate kinachouzwa mtandaoni, nimpime mwanangu na kumwambia ni kipimo cha kawaida cha kabla ya ndoa, ili nijue peke yangu. Na mamangu je? Ndiye aliyemshauri kakangu aoe nyumbani, na ndiye anayeitaka ndoa hii. Akijua, nahofia atajiona yeye ndiye aliyemdhuru mjukuu wake.

Mama Bi Harusi, Mombasa

JIBU

Wa aleikum salaam, dadangu. Pole kwa mzigo huu, na pole ya wifi yako pia, maana kumwona mtoto wa miaka minne kwenye mashine ni jambo ambalo haliishi siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa nilivyokuelewa, unaogopa mambo mawili. Ukisema, umemvunjia kakako kiapo na huenda harusi ikaingia doa. Ukinyamaza, mwanao anaingia ndoani bila kujua jambo ambalo mamake analijua. Hayo yote ni kweli. Lakini barua yako yote umeiandika kana kwamba habari hii ni ya ndoa, na mimi naiona kwanza kuwa habari ya mtu aliye hai sasa hivi, naye ni yule kijana wa miaka 26. Kabla hajawa bwana harusi ni mtoto wa wazazi wawili ambao kila mmoja ana nakala moja yenye hitilafu. Daktari aliomba apimwe. Hakupimwa, na kwa barua yako inaonekana hata hajui kwamba aliitwa.

Umesema ni mzima na hajawahi kulazwa, kwa hiyo hana. Hapo nakuomba tusiende mbio, na ili tuelewane itabidi nikueleze kidogo hiyo jeni inafanya nini.

Mumeo alicheka kwa sababu anafikiria mafua ya kamasi, yanayopita kwa tangawizi na ndimu. Virusi vya influenza ni kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya milioni 3 na milioni 5 huugua vibaya kwa influenza, na vifo vinavyotokana na matatizo ya kupumua ni kati ya 290,000 na 650,000. Walio wengi hulala siku chache wakainuka. Anayezidiwa mara nyingi ni mtoto mchanga, mzee, mjamzito, au mwenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo, selimundu. Lakini kwa muda mrefu madaktari wamekuwa wakikutana na watu wasio na lolote kati ya hayo ambao homa ya mafua inakaribia kuwaua, kama mtoto wa kakako.

Kwamba urithi una sehemu yake kuliwahi kuonekana huko Utah, Marekani, ambako nasaba za watu zimeandikwa vizuri kwa vizazi vingi. Utafiti uliotoka mwaka 2008 ulikuta kwamba jamaa wa damu wa watu waliokufa kwa influenza nao walikuwa na hatari zaidi ya kufa kwa ugonjwa huo, hata jamaa wa mbali. Kuishi pamoja na kuambukizana kulichangia, na damu nayo ilichangia. Mwaka 2012 wanasayansi wakaonyesha badiliko katika jeni nyingine, IFITM3, lililokutwa zaidi kwa watu waliolazwa wakati wa mlipuko wa influenza aina ya H1N1 wa mwaka 2009. Hilo ni badiliko la kawaida, hasa huko China na Japani, mamilioni ya watu wanalo na hawalazwi. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kuhusu uzito wake. Nalitaja kwa sababu ukianza kusoma mtandaoni utalikuta, na ningependa usilichanganye na hili lenu.

Lenu ni la namna nyingine, ni nadra sana na lina uzito. Mwaka 2015 timu ya Profesa Jean-Laurent Casanova, anayefanya kazi Rockefeller University mjini New York na hospitali ya Necker mjini Paris, ilieleza habari za msichana mdogo wa Ufaransa. Alikuwa na miaka miwili na nusu alipolazwa mwaka 2011, mapafu yakiwa yameshindwa kabisa kwa sababu ya influenza. Walipomchunguza wakakuta jeni yake ya IRF7 ina hitilafu kwenye nakala zote mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe walikuwa wazima. Ni kisa kinachofanana na cha nyumba ya kakako.

Virusi vinapoingia kwenye seli ya pafu, seli hiyo hutoa protini zinazoitwa intaferoni, ambazo ni mbiu ya mgambo: zikipigwa, seli jirani hufunga milango na kinga nzima huamka. IRF7 ndiyo inayoagiza mbiu hiyo ipigwe kwa nguvu. Isipofanya kazi, sauti hutoka kidogo na kwa kuchelewa, na virusi huwa vimeshazaana kwenye mapafu kabla mwili haujajipanga. Lakini mwili una ulinzi mwingine, ule wa kingamwili, ambao hutokana na kuugua au na chanjo. Ndiyo maana anayeumizwa sana ni yule ambaye kingamwili zake hazijavijua virusi hivyo, na mara nyingi huyo ni mtoto. Yule msichana wa Ufaransa alianza kuchanjwa dhidi ya influenza kila mwaka, na wakati habari zake zinaandikwa alikuwa na miaka saba na afya yake ni nzuri.

Sasa mrudie kijana wetu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, watafiti walikuta kati ya wagonjwa mahututi watu wazima wawili wa miaka karibu 50 ambao nakala zao zote mbili za IRF7 zilikuwa na hitilafu, na walikuwa wamefika umri huo bila kuugua vibaya kwa virusi vyovyote. Basi uzima wa kijana ni jambo la kushukuru, ila hautoshi kuwa ndiyo jibu. Kwa hesabu ya kuzaliwa, kila mtoto wa kakako na wifi yako ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na nakala zote mbili zenye hitilafu, nafasi mbili kati ya nne za kubeba moja tu, na moja kati ya nne ya kutobeba hata moja. Ni urithi wa namna ileile ya selimundu, ambayo familia nyingi za Pwani zinaifahamu. Umri na uzima wake vinapunguza uwezekano wa ile nafasi ya kwanza, haviuondoi. Na wako wale ndugu wengine wawili wa katikati, ambao barua yako imewapita kwa neno moja tu.

Kama nakala zake zote mbili zina hitilafu, kuna ya kufanya, na si makubwa. Chanjo ya influenza kila mwaka, kwa kuwa virusi hubadilika na chanjo hubadilishwa kuvifuata. Akishikwa na homa na kikohozi asingoje kuona itakuwaje, aende hospitali mapema aseme ana hitilafu hiyo, maana dawa za kuzuia virusi kama oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Na jingine ambalo ningependa kakako aliulize bila kuchelewa, kwa yule mdogo hasa: chanjo zenye virusi hai, kama ile ya homa ya manjano wanayochanjwa wasafiri wa huku kwetu. Kuna hitilafu nyingine kwenye njia hii hii ya intaferoni, ya jeni ya IFNAR1, ambayo waliokuwa nayo waliwahi kuugua vibaya baada ya chanjo za virusi hai. Kwa watu walio wengi chanjo hizo ni salama na zinaokoa maisha. Kwa mtoto huyu daktari wake wa kinga aulizwe kwanza, kabla familia haijakata tiketi za kuja harusini. Chanjo ya sindano ya influenza haina virusi hai, hiyo ni habari nyingine.

Unaona basi kwa nini nasema hii si habari ya ndoa peke yake. Siri hii inamkinga kijana na maneno ya watu, na wakati huohuo inamzuia asijikinge na ugonjwa.

Nije kwenye ndoa. Umeandika kana kwamba kusema ni kuvunja harusi. Sijui umelipata wapi hakika hilo, na nadhani limetoka kwa kakako usiku ule, akiwa na hofu ya mzazi. Tuhesabu pamoja. Ripoti inasema nakala mbili za mtoto zina hitilafu ileile, na wazazi wake ni watoto wa ndugu wawili. Yaelekea basi imeshuka kutoka kwa babu au bibi yenu wa upande wa baba, ikapita kwa marehemu babako na kwa ami yako. Kama ni hivyo, wewe una nusu ya uwezekano wa kuibeba, kwa kuwa kila mtoto wa babako alikuwa na nusu. Mwanao ana robo, kwa kuwa mumeo si wa ukoo huu. Ukichanganya na upande wa kijana, kabla ya mtu yeyote kupimwa, uwezekano wa kila mtoto wao kurithi nakala mbili ni kama mmoja kati ya 16. Si mdogo wa kuupuuza, na si mkubwa kama unavyokutisha usiku.

Hesabu hiyo inaweza kubadilika kabisa kwa kupimwa mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Ukikutwa huna, mwanao hakuweza kuipata kwako, na kwa mtu wa Lamu asiye na udugu nanyi uwezekano wa kuwa nayo kwa bahati ni mdogo mno. Hapo watoto wao, hata kama kijana anazo nakala zote mbili, watakuwa wabebaji wa nakala moja tu, kama alivyo kakako, ambaye hadi mwanawe anaugua hakujua kama ana chochote. Ukikutwa unayo, basi kwa mwanao ni nusu kwa nusu, na hapo ni lazima ajue, aamue mwenyewe kama anataka kupimwa. Sikushauri upimwe wewe kwanza ili uzidi kuficha. Nakutajia kwa sababu damu yako ni yako, unaweza kuitoa bila kumdanganya mtu.

Kumpima mwanao kwa hila ndiko kunakonitia wasiwasi, na kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaalamu. Vipimo vya mate vya mtandaoni kwa kawaida hutazama sehemu chache zilizochaguliwa kwenye jeni, na hitilafu nadra ya familia moja kwa kawaida haimo. Kitakuletea jibu la “hakuna tatizo” ambalo halikutazama penye tatizo. Maabara inayofaa ni ile itakayopewa jina la badiliko lenyewe, kama lilivyoandikwa kwenye ripoti ya mtoto, ikalitafuta hilo hilo. Na picha ya ukurasa mmoja kwenye simu haitatosha. Sababu ya pili unaijua kuliko mimi. Msichana wa miaka 22 anayeaminiwa kuendesha nyumba anaweza kuaminiwa na habari za mwili wake. Siku atakapogundua kwamba mate yake yalipelekwa maabara kwa jina la kipimo kingine, hataumia kwa sababu ya jeni.

Kunyamaza nako kuna hatari zake, wala si kwa ajili ya ugonjwa tu. Ukoo wenu una watu wengi wanaojua nusu nusu: wifi anajua, kakako anajua, na huenda jamaa waliokuja hospitali Maskati walisikia. Jambo la namna hii huja kutoka, na likitoka mwanao akiwa ana mimba, au ana mtoto mchanga mwenye homa, atauliza mama alijua tangu lini. Kusema nako kuna hatari. Huenda kakako akakununia, na huenda kijana akajiona ametiwa ila mbele ya watu. Huenda pia mwanao akaogopa kuliko inavyostahili, ndiyo maana ni bora aelezwe na mtu anayeweza kujibu maswali yake, daktari wa jeni au wa kinga, kuliko kuambiwa jikoni kwa machozi.

Na wakijua, wana nafasi ya kufanya nini? Kubwa kuliko unavyodhani. Wanaweza kupimwa, wakakuta mmoja wao hana hata nakala moja, wakaoana bila hofu hii. Wanaweza kukutwa wote wabebaji, ambapo kila mimba ina uwezekano wa robo, na bado wakaamua kuoana, wakijua mtoto atapimwa mapema, mama atachanjwa akiwa mjamzito ili kinga yake imfikie mtoto, na mtoto mwenyewe ataanza chanjo ya influenza akifika miezi sita. Huku kwetu Kenya chanjo hiyo mara nyingi hupatikana kwa malipo kwenye hospitali za binafsi, na hilo ni la kupangia bajeti. Kuna wanaochagua kupima mimba, na kuna wanaopandikiza kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa na kupimwa maabara, njia ghali ambayo wengi hawaifikii na ambayo wengine dini na moyo haviwapi. Na wako wanaoamua kutooana. Kila moja ya njia hizo nimeona watu wenye akili timamu na wacha Mungu wakiipita kwa maradhi mengine ya kurithi, wala siwezi kukuambia ipi ni ya mwanao. Hata kuoana kwa binamu kwenyewe, ambako watu siku hizi hukusema kama laana, kuna kipimo chake. Utafiti mkubwa wa Bradford, Uingereza, wa mwaka 2013, ulikuta hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro inapanda kutoka kama asilimia 3 hadi 6. Imeongezeka maradufu, na bado watoto 94 kati ya 100 wanazaliwa bila kasoro hizo.

Kuhusu mamako, sioni haja ya kumwingiza sasa. Kwa hesabu tuliyofanya hitilafu hii huenda haikupita kwake kabisa, na kupimwa kwake hakutabadilisha uamuzi wa mtu yeyote. Ikitokea akasikia, hilo la kwamba huenda haikutoka kwake unaweza kumwambia bila kumpaka mafuta. Na marehemu babako hakujua, wala wakati wake hakuna duniani aliyeweza kujua.

Limebaki la kakako na kiapo. Mimi nisingeanza kwa mwanao, ningeanza kwake. Ulimwapia nini hasa usiku ule? Kwamba hutalitangaza jina la mwanawe mbele za watu wamcheke na kumkimbia. Hilo unaweza kulitimiza mpaka mwisho. Lakini ulipoapa posa haikuwepo, na yeye alipoileta posa kwako aliileta akijua kwamba wewe unajua. Yawezekana naye amekuwa akingoja umwambie. Yawezekana pia amejipa moyo kwamba kwa kuwa umekubali posa, basi umeona si kitu. Mpigie akiwa peke yake, au mngoje akija na mahari, umwanzishie kwa habari ya kijana na wale wawili wa katikati: daktari aliwaita kwa ajili ya usalama wao, wapeleke. Mwambie kakako kwamba mkewe amekaa hospitali mara moja, hana haja ya kukaa tena kwa jambo ambalo sindano ya kila mwaka inaweza kulipunguza makali. Kisha mwombe yeye ndiye amweleze mwanawe, na vijana wawili wakae na daktari pamoja. Mwombe na ripoti kamili, ile yenye jina la badiliko.

Akikubali, kiapo hakijavunjika. Akikataa ndipo pagumu, na sitakuficha kwamba mimi moyo wangu unaelemea upande wa mwanao na wa yule kijana, ambao ni watu wazima na miili ni yao. Dini imeweka kafara ya yamini kwa aliyeapa kisha akaona kheri iko kwingine, na hilo mwulize sheikh unayemwamini, bila hata kumtajia majina. Lakini mwenye kumjua kakako ni wewe. Wewe ndiye unayejua kama ni mtu wa kuambiwa mara moja au wa kupewa muda alale nalo, na kama kuna mtu, pengine wifi mwenyewe, anayeweza kumfikia mahali ambapo wewe huwezi. Ungeniuliza, ningekuambia uanze na wifi. Ndiye aliyekaa kando ya ile mashine, na sidhani kama yeye aliwahi kuulizwa anataka nini.